Jinsi Bado Lilivyovishwa Mikanda

Pale Baraka, njia inapoacha soko na kugeuza uso kuelekea Fizi, palikuwa na ubao wa boti uliolazwa juu ya rimu mbili za lori, na ubao huo ndio ulikuwa serikali pekee iliyokaa mahali pamoja vita nzima. Serikali nyingine zilikuja na kuondoka: leo hawa na bendera yao, kesho wale na kizuizi chao cha barabarani, keshokutwa wote wamekimbilia milimani na kuacha sufuria jikoni. Ubao haukukimbia. Kila asubuhi ambayo bunduki zilikuwa zimelala upande wa pili wa mlima, Mama Arlette aliwasha makaa, akateleka birika la kahawa yenye tangawizi, na wakubwa wa ubao wakaanza kufika, kila mmoja na kikombe chake mfukoni. Vikombe vya Mama Arlette viliporwa katika vita ya kwanza, naye alikataa kununua vingine kabla ya kuhakikishiwa kwamba ya pili imekwisha.

Siku ya mikanda, Marthe alifika kahawa haijachemka, tena hakuja kukaa. Alikuja na gari, akalizima mbele ya ubao kabisa, moshi ukaingia katika vikombe vitupu.

Gari la Marthe liliitwa Bado. Jina lilitokana na jibu. Tangu vita ianze, kila aliyekutana naye njiani alimwuliza kama lile gari lake halijakufa, naye alijibu neno hilo hilo moja na kuendelea na safari. Lilizaliwa Land Rover, mikononi mwa mapadri, kabla ya uhuru. Kadiri lilivyozidi kuishi ndivyo lilivyozidi kuwa kitu kingine. Injini ilitoka katika Peugeot iliyoungua. Milango ilichongwa na seremala aliyezoea majeneza, na kazi yake ilijulikana kwa kuitazama tu. Kifuniko cha injini kilikuwa bati la paa la shule, matundu ya misumari yangalipo. Kiti cha dereva peke yake ndicho kilibaki cha asili, kimekazwa kwa nati zake za zamani. Kando yake abiria walikalia benchi la mbao lililowekwa tu pale chini, likatulia kwa uzito wao. Marehemu mume wa Marthe alianza kuliunga, Marthe akaendelea alipoishia, na sasa aliliendesha mwenyewe, jambo ambalo wakubwa wa ubao walikuwa hawajamsamehe.

Magari mengine yote ya Baraka yalikwenda na wenye bunduki. Hata Bado lilikwenda, mara moja. Askari waliondoka nalo asubuhi wakiimba; saa sita walirudi kwa miguu, hawaimbi, wakamwamuru Marthe akatoe kitu chake mtaroni kabla hakijamwua mtu. Ndiyo maana, siku fonii, ile redio ya upepo ya zahanati, ilipoita kuuliza kama Baraka ina gari, palikuwa na jibu moja tu la kutoa.

Surua ilikuwa imeingia Lubondja. Fanny, binti wa Marthe, alikuwa huko kwa bibi yake, alikopelekwa ili awe mbali na risasi za mjini, na katika nyumba ya jirani ya bibi yake walikwisha kuzika watoto wawili. Chanjo zilikuwa zinakuja kwa boti kutoka Uvira mchana ule, ndani ya masanduku ya barafu, pamoja na msimamizi wake. Lakini fonii ilisema na jambo la pili. Mwaka uliopita, huko Uvira, muuguzi alirushwa nje ya gari lililopinduka, na gari likamlalia. Tangu hapo wakubwa wa chanjo waliapa: gari lisilo na mikanda ya kufunga watu halipakii chanjo. Likikosa mikanda, masanduku yarudi Uvira na boti ile ile, kabla barafu haijawa maji.

Kwa hiyo Marthe alikuja kumchukua Roger. Roger alikuwa fundi, na aliitwa Chapuchapu kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akianza kazi siku aliyopewa. Shida ni kwamba Roger hakuchukulika peke yake. Ukimtaka Roger ulichukua na ubao mzima: Alphonse, aliyeitwa Ministre kwa kuwa aliwahi kushikwa mkono na waziri katika uwanja wa ndege na tangu hapo hakuzungumza tena kama watu, na Raphaël, aliyeitwa Docteur kwa kuwa alilazwa hospitalini majuma mengi akatoka na maneno ya madaktari.

— Roger, nataka mikanda mu motokari, akasema Marthe. Leo. Boti ikifika ikute iko tayari.

Roger alipuliza kahawa ambayo ilikuwa haijamiminwa. Alieleza, kwa upole wa mtu anayempa mgonjwa habari mbaya, kwamba gari hili ni kubwa kwa umri kuliko mikanda yenyewe. Waliolitengeneza hawakuacha tundu la kuifungia. Gari la siku hizi lina tundu lake, na ndani ya tundu nati yake, limezaliwa linajua. Bado lilizaliwa halijui.

— Utamufunga muntu ku nini? akauliza. Ku hewa?

Kabla Marthe hajafungua kinywa, Ministre alikuwa ameinua mkono, maana hapakuwa na jambo kwenye ubao ule lililoanza bila yeye kurudi nyuma ya mwanzo wake. Swali la wapi, alisema, linakuja baada ya swali la kwa nini. Akakumbusha desturi ya safari katika nchi ya Fizi, kana kwamba Marthe alifika jana. Abiria anachagua upande ulio karibu na mtaro. Mama anamfunga mtoto mgongoni kabla ya kupanda, ili wakiruka waruke mmoja. Mizigo inakaa katikati, miguu inakaa nje. Ukisikia pa, unaruka. Habari ya nani alipiga utaiuliza ukiwa kwenye nyasi.

— Sasa banasema tujifunge, akamaliza. Mi nimeona anayefungwa mu motokari. Ni mbuzi, na anaenda kuuzwa.

Ubao ulicheka. Marthe hakucheka, ingawa ilimgharimu kidogo, maana hata yeye aliwahi kuruka, mara mbili, na mara ya pili aliacha kiatu. Kilichomchoma ni kwamba Ministre alikuwa hajapanda gari tangu enzi za Zaire. Mtu ambaye miguu yake imemfikisha mbali kabisa hadi sokoni anaketi hapo na kuwafundisha wenye kusafiri namna ya kuruka.

— Papa Alphonse, akasema, risasi iko na siku yake. Muteremuko wa Fizi iko pale kila siku. Bado lilipinduka mbele yenu pale mtoni. Nani alimupiga?

Siku ile wote walifika mtoni, wakashika viuno, wakatazama, na wakarudi kwenye kahawa na habari.

Docteur ndiye aliyeufungua mjadala upya. Alisema yeye, kisayansi, anaunga mkono mkanda, ila lazima ujulikane unamlinda nani. Mguu ukikatika, mtu anaishi. Mkono, anaishi. Kichwa ndicho chenye kazi. Kwa hiyo mkanda upite shingoni, ukazwe vizuri, kichwa kisiende popote.

— Docteur, akasema Marthe, hiyo banaita kunyonga.

Mama Arlette, ambaye hakuwa mjumbe ila alikuwa na birika, alimimina kikombe cha kwanza akampa Marthe badala ya Ministre. Ilikuwa kama kura.

Wakaingia sasa katika suala la wapi. Ministre alipendekeza milangoni, ndiyo karibu. Marthe alikumbusha kwamba mlango wa kushoto wa Bado hufunguka wenyewe kila gari linapovuka shimo, na mtu aliyefungwa kwake angetoka nao. Ministre alisema hapo ndipo uzuri wake: mkanda unakufunga, halafu wakati wa kuruka ukifika, mlango wenyewe unakutoa. Docteur aliona kwamba bora abiria wafungwe wao kwa wao, kamba moja ndefu, ili hata wakirushwa warushwe kama jamii. Ministre akaipenda jamii. Akaanza kufikiria nani akae kichwa cha kamba na nani mkia, na kwamba mtu mnene akae katikati kama nanga.

Tena walikuwa wakimzungumzia mtu wa tatu. Fonii ilitaka gari liende na watu watatu: dereva, msimamizi, na mmoja wa kusaidia kubeba masanduku, kwa sababu mbele ya Fizi kuna kijito ambacho daraja lake liling'olewa mbao, gari lipite majini na chanjo zipite juu ya mabega. Ubao ulimpenda sana mtu huyu wa tatu. Asubuhi nzima walimpanga: akae dirishani, hapana, katikati, aangalie kulia, kwa sababu adui wa njia ya Fizi hutokea kulia, ale vizuri kabla, asivae kitu cheupe.

Marthe alitazama ziwa. Lilikuwa tupu bado.

— Roger, akasema. Mukanda.

Roger alisimama. Ilikuwa mara ya kwanza watu wengi kuona urefu wake. Alisema mkanda si tatizo, mkanda upo, akaenda nyuma ya duka la baiskeli, akarudi na mpira wa ndani wa tairi uliokatwa vipande virefu, ule ambao kila mtu wa Fizi hufungia mzigo juu ya baiskeli. Mpira huu, alisema, unafunga gunia la mkaa kutoka Lubondja mpaka hapa bila kudondosha. Utashindwa na mtu?

Hoja ilikuwa na nguvu na Marthe aliikubali kwa nusu ya roho. Walifunga mipira kwenye vyuma vya nyuma ya benchi, wakavuta, wakapiga fundo. Akakosekana abiria wa kujaribia. Docteur alikuwa na mgongo. Ministre alikuwa na cheo. Basi walichukua gunia la unga wa muhogo la jirani, wakalikalisha, wakalivisha mpira tumboni, na Ministre akalibatiza jina la Citoyen, yaani raia, kwa sababu lilivumilia kila kitu na halikuuliza. Docteur alipanda nyuma ili kuangalia kisayansi.

Bado lilikuwa na kitu kimoja cha kuaminika, nacho kilikuwa breki, maana Marthe angeweza kukosa taa na honi, lakini breki alizisimamia mwenyewe. Alirudi nyuma mpaka sokoni, akalipeleka mbio mpaka mbele ya ubao, akakanyaga.

Citoyen aliondoka. Alikwenda mbele kwa heshima, akainama, akakisalimia kioo, na pale kila mtu alipodhani safari yake imekwisha, mpira ukamkumbuka na kumwita. Citoyen alirudi kwa kasi kubwa kuliko aliyoondokea, akapita juu ya benchi, akamkuta Docteur.

Walimtoa Docteur chini ya muhogo akiwa mweupe kama mkate. Alipopata pumzi alisema jaribio limefaulu, maana abiria amerudi.

— Na mimi sitaki arudi, akasema Marthe. Nataka asiende.

Hapo ndipo sauti yake ilibadilika, na Roger, ambaye hakuwa mtu mbaya ila alikuwa mtu wa kesho, aliisikia. Alijikuna. Akasema polepole kwamba mikanda ya kweli, isiyovutika, ipo. Ilikuja wakati ile ndege ndogo ya wanunuzi wa dhahabu ilipokosa kiwanja kule Lulimba na kusimama katika shamba la muhogo. Watu walikuwa wametoka salama na kwenda zao kwa miguu. Ndege ikagawanywa. Mabawa yakawa sufuria, viti vikaenda kwa chifu, na mikanda mitatu ilifika Baraka.

— Iko wapi?

Roger alitazama chini. Mmoja, alikiri, ni wake, ananing'inizia injini. Mama Arlette, kabla hajaulizwa, aligeukia mbuzi wake aliyefungwa kwenye mti wa uzio, akaona kwa mara ya kwanza kwamba kamba ile nene ya kijivu ilikuwa na bamba la chuma. Akamfungua, mbuzi akaondoka na furaha kuelekea bustani ya watu.

Wa tatu ulikuwa mbele ya macho ya wote, kama ulivyokuwa kila siku kwa miaka miwili. Ministre alikuwa ameuvaa. Alipenda kusema ni mkanda wa Brussels. Sasa watu wote wa ubao waliutazama, mpana, wa kijivu, na lile bamba lake la chuma likimeremeta chini ya kitovu cha serikali.

— Hapana, akasema Ministre.

Marthe hakupaza sauti. Alisema tu kwamba Fanny ana miaka minne, na kwamba hajui kama leo asubuhi ameamka na macho mekundu au hapana. Ministre alisimama wima. Halafu aliinua bamba kwa kidole kimoja, mkanda ukaachia mara hiyo hiyo, kwa mlio mdogo, na suruali ikaanza kushuka. Aliishika kwa mkono wa kushoto na kuutoa mkanda kwa mkono wa kulia, na watu wengi walisema baadaye kwamba hakuwahi kufanana na waziri kuliko wakati ule.

Lakini Marthe alikuwa ameangalia kidole, siyo suruali.

— Rudilia, akasema. Ginsi umeifungua.

Akaufunga tena, akainua bamba. Ukaachia. Kidole kimoja, hata kabla ya kuhesabu moja.

— Kumbe, akasema Marthe. Unaifunga juu ya muteremuko, na ukisikia pa, unainua kidole na unaruka. Papa Alphonse, nani mbuzi sasa?

Ministre alisema huo ndio ulikuwa msimamo wake tangu mwanzo.

Jua lilikuwa limepanda na ziwani palitokea doa moja ambalo lingeweza kuwa boti. Roger alifanya kazi haraka, na watoto wa shule walisimama kutazama kitu hicho. Kwa haraka hiyo alifanya kosa la mtu anayependa mbao: alitoboa benchi, mbao ngumu nzuri, akakaza mkanda kwake kwa nati nne, akapiga ngumi kuonyesha haung'oki. Wakamkalisha Citoyen. Safari hii Docteur aliangalia sayansi kutoka ng'ambo ya barabara. Marthe akaja mbio, akakanyaga.

Mkanda haukuachia. Benchi halikupasuka. Citoyen hakuachana na benchi, wala benchi halikuachana naye: waliondoka pamoja, miguu ya benchi juu, wakaingia chini ya dashibodi kama watu wawili waliosikia risasi.

Ministre alitoa maoni kwamba abiria amelindwa dhidi ya kuachana na kiti chake. Docteur alisema tatizo ni Citoyen, ni mzito kupita kiasi, mtu wa Baraka wa siku hizi hana kilo hizo, vita imekwisha kuzitoa. Wakaanza kubishana kama vita imepunguza watu kwa robo au kwa theluthi, na kama mtu wa tatu apimwe kwanza.

Marthe aliwaacha. Alilala chini katika vumbi na nguo yake safi ya kumpokea msimamizi, akaingia chini ya Bado, akatazama juu. Sakafu ilikuwa bati jembamba, alikwisha kuliziba mara nyingi. Milango ilikuwa ya seremala. Benchi lilikuwa la mbao za boti. Katika gari zima, kitu kilichokuwa kimebeba kila kingine na hakijawahi kubadilishwa kilikuwa yale machuma mawili marefu yanayotoka mbele mpaka nyuma, yale ya mapadri. Na chuma cha upande wa abiria kilipita chini kabisa ya kiuno cha abiria.

— Roger, ikasema sauti kutoka chini ya gari. Njoo ulale hapa.

Ministre alitaka kusema neno kuhusu mwaliko huo. Mama Arlette alimwangalia, naye akalimeza.

Roger alilala. Walizungumza huko chini, na ubao, ambao haujawahi kukosa mjadala, ulilazimika kuinama kusikiliza. Chuma kitobolewe, kisha mkanda upite katika sakafu na ufungwe kwake. Palipo mbali na chuma, upande wa katikati, bati peke yake litapasuka kama karatasi. Basi chini yake liwekwe kitu kipana na kigumu, nati ivute kile badala ya bati. Roger alitaka sahani ya chuma. Hapakuwa na sahani ya chuma Baraka nzima ambayo haijawa kizuizi cha askari au sufuria. Mama Arlette aliingia ndani, akatoka na jembe lake la zamani lililokwisha mpini.

Jembe lilikatwa vipande, kila kipande kikatobolewa na kukazwa chini ya sakafu. Benchi nalo likafungwa kwenye machuma, kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Mikanda ikapimwa ikae chini, kwenye mifupa ya nyonga. Docteur alijaribu kuupandisha hadi tumboni, akaelezwa kwamba tumbo ni laini, lina kahawa tu, na nyonga ni mfupa, akakubali kisayansi. Mkanda wa dereva ukafungwa wa kwanza, wa msimamizi wa pili. Wa tatu, wa Ministre, ukakaa katikati.

Citoyen alikalishwa kwa safari yake ya mwisho. Marthe naye alijifunga. Alirudi nyuma kupita soko, mbali kuliko mara zote, akaja na Bado likilia kwa viungo vyake vyote, milango ikipiga makofi, na mbele ya ubao akakanyaga kwa miguu miwili.

Mlango wa kushoto ulitoka ukaenda peke yake mpaka kwenye makaa. Bati la shule lilifunguka. Vumbi lilipita juu ya gari na kuendelea na safari. Lilipotulia, Marthe alikuwa kitini, na kando yake Citoyen alikuwa amekaa wima kama mtu anayesubiri kuhudumiwa.

Roger alikwenda kuokota mlango.

Boti ilifika kweli, na kutoka ufukweni alipanda mwanamke mmoja mfupi mwenye miwani, mbele ya wapagazi waliobeba masanduku mawili ya bluu. Alijitambulisha kuwa Félicité, msimamizi. Alisalimia kila mtu, hata Docteur, aliyekuwa na muhogo nyusini. Halafu alilizunguka Bado mara moja bila kusema, na katika mzunguko huo Marthe alizeeka. Aligusa mlango wa jeneza. Aliinua bati la shule, akalirudisha. Akapanda, akakaa, akavuta mkanda nyongani, akajitupa mbele kwa nguvu zake zote, mara mbili. Akainama kutazama unakoingia sakafuni, akashuka, akalala vumbini kama Marthe alivyolala, akakiona kipande cha jembe. Akainua bamba kwa kidole, likaachia.

— Muzuri, akasema. Pakieni.

Marthe alipanda, akashika usukani.

Ubao ulikuwa umejaa furaha. Ministre, suruali mkononi, alieleza jinsi alivyoitoa ndege yake kwa ajili ya taifa. Docteur alieleza majaribio. Roger alieleza kwamba alijua tangu asubuhi. Félicité aliwasikiliza kwa adabu akifuta vumbi la miwani, na alipomaliza kufuta alinyoosha kidole ndani ya gari, pale katikati.

— Wangu nimeuona, na wa dereva nimeuona, akasema. Na huu wa tatu, ni wa nani?

Kulisikika mbuzi katika bustani ya watu. Ministre alitazama suruali yake, akasema mtu hawezi kwenda kuwakilisha Baraka katika hali hii. Docteur alishika mgongo, pale muhogo ulipopita. Roger alisema angekwenda, hata sasa hivi, tatizo mlango, mlango unahitaji siku moja au mbili, na tena yeye akiondoka nani atabaki kuwa fundi. Halafu wote watatu, kwa pamoja, walimgeukia Mama Arlette na kunyoosha vikombe, kama watu ambao kahawa ingewajibia.

Mama Arlette alipindua birika. Lilitoa tone moja na majani.

— Kahawa imekwisha, akasema.

Marthe alishuka. Alichukua sanduku la kwanza la barafu, akalikalisha katikati ya benchi, akalipitishia mkanda wa tatu, akauvuta mpaka ukakaza. Sanduku la pili alilibana kando yake kwa ile mipira ya baiskeli, maana kwa mzigo ilikuwa mizuri. Alimwambia Félicité kwamba kwenye kijito watabeba wao wawili, mara mbili, na Félicité alisema ana mabega. Tundu la mlango wa kushoto walilifunga kwa kitenge.

Bado halikuwaka. Halikuwa na desturi ya kuwaka lenyewe. Hapo kijiwe kizima kilisimama, na lazima isemwe ukweli: walisukuma. Walisukuma kwa nguvu, Ministre kwa mkono mmoja, mpaka injini ya Peugeot ikakohoa, ikakumbuka, ikashika. Marthe alijifunga, akatazama njia ya Fizi na mlima ulio nyuma yake, na nyuma ya mlima Lubondja. Hakugeuka. Lakini kabla Bado halijameza sauti zote aliwasikia wakirudi kwenye ubao, tayari wanabishana, kwa hasira ya watu wanaotafuta haki: ni nani kati yao alikuwa amekaribia zaidi kusema «mimi».